Mtoto wa mfanyabiashara asome nini? Elimu ya biashara na amana ya kampuni ya familia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na kuharamisha riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyefanya biashara kabla ya kupewa utume na akajulikana na watu wake kwa sifa ya uaminifu, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne na cha sita, wazazi wenye maduka ya jumla, magari ya mizigo, viwanda na kampuni walizozijenga kwa jasho lao hukabiliwa na swali moja zito. Mtoto amefaulu, naye ndiye anayetarajiwa kuishika kazi ya familia siku moja. Je, apelekwe chuo kusomea biashara, au aketi dukani na baba yake ajifunze kwa macho na mikono? Na kama ni chuo, ni chuo gani, kwa muda gani, na kwa fedha za nani?

Majibu tunayoyasikia ni matatu. Wapo wanaosema kwamba biashara haifundishwi darasani, kwani waliotajirika wengi hawakusoma. Wapo wanaoamini kwamba shahada ya ng'ambo ndiyo ufunguo wa kila mlango. Na wapo wanaomwachia mtoto asome apendalo, kisha siku mzee anapofumba macho wanamvuta kutoka katika fani yake na kumkalisha kwenye kiti asichokijua. Kila jibu lina sehemu yake ya ukweli, na kila moja likichukuliwa peke yake limewahi kuangusha nyumba. Kwa hiyo leo tumeona tulitazame suala hili kwa utulivu, kwa jicho la sheria yetu na kwa jicho la mambo yalivyo sokoni.

MTIHANI KABLA YA KUKABIDHI

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anakataza mali kupewa watu wasio na busara ya kuitunza, kwa kuwa mali imefanywa kuwa tegemeo la maisha. Aya inayofuata inawaamuru wasimamizi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa. Wakibaini kuwa wana busara, hapo ndipo wawakabidhi mali zao, tena kwa kuweka mashahidi. Tuyazingatie mambo matatu yaliyomo humo: kuna mtihani, kuna sharti la busara ambayo mafakihi huiita rushdi, na kuna makabidhiano yenye ushahidi. Umri peke yake hautoshi. Wala ukubwa wa kuzaliwa hautoshi. Aya haikumtaja mtoto wa kwanza wala wa mwisho.

Mtihani huo ni wa namna gani? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaji, kitabu kinachojulikana vyema katika madrasa za mwambao wetu wa madhehebu ya Shafii, kwamba mtihani hutofautiana kwa kadiri ya kazi ya nyumba. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa kilimo na kwa namna anavyowatumia wafanyakazi wa shamba. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba majaribio haya huanza kabla ya kubaleghe. Kijana huachiwa aende, apime bidhaa, apatane na muuzaji. Na ikifika hatua ya kufunga mkataba, msimamizi wake ndiye anayeufunga.

Wanazuoni hao waliona mbali. Walitambua, karne nyingi kabla ya vyuo vya biashara vya leo, kwamba kuna elimu inayolingana na mali ambayo mtu ataishika, kwamba elimu hiyo ina sehemu ya vitendo, na kwamba mwanafunzi apewe nafasi ya kukosea pale ambapo kosa lake haliunguzi nyumba nzima. Leo tunaposema kijana afanye mazoezi ya kazi chini ya mkubwa wake, mkubwa akabaki na saini ya mwisho, hatujaleta jambo geni katika dini.

SIFA MBILI ZISIZOTENGANA

Nabii Yusuf (A.S.) alipoomba asimamizi wa hazina za Misri, alijieleza kwa sifa mbili, kama tunavyosoma katika Sura Yusuf, aya ya 55: yeye ni mlinzi mwaminifu, naye ni mjuzi. Na binti wa yule mzee wa Madyan, alipompendekeza Nabii Musa (A.S.) aajiriwe, alitaja mambo mawili vilevile, nguvu na uaminifu, habari hiyo imo katika Sura Al-Qasas, aya ya 26.

Haya ndiyo mawe mawili ya kupimia mrithi wa kampuni. Mwaminifu asiyejua hesabu ataipoteza mali hali analia kwa uchungu. Mjuzi asiye mwaminifu ataipoteza hali anacheka. Chuo cha biashara kinaweza kumpa mtoto sifa ya pili, yaani ujuzi. Sifa ya kwanza haiuzwi na chuo chochote, wala karo yoyote hainunui. Mzazi anayempeleka mtoto chuoni akitumaini kwamba huko ndiko atakakofundwa uaminifu amekosea mlango. Na mzazi anayesema mwanawe ni mwaminifu, hivyo hana haja ya kusoma, amesahau kwamba Nabii wa Mwenyezi Mungu hakutosheka kutaja uaminifu wake, bali aliutaja na ujuzi wake.

WALIOTUTANGULIA SOKONI

Hebu tuitazame mifano inayojulikana. Hapa kwetu, Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Aliuza mchanganyiko wa viazi, akafungua mgahawa Dar es Salaam, kisha akaingia katika usagaji wa nafaka, na leo kampuni zake zinajulikana katika nchi nyingi za ukanda huu. Wanaosema biashara haifundishwi darasani humtaja yeye. Kwa upande wa pili, Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida, alihitimu mwaka 1998 katika Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington, alikosomea biashara ya kimataifa na fedha, ndipo akarejea na kuingia katika kampuni iliyoanzishwa na baba yake, akaikuza kutoka biashara ya kuagiza na kuuza bidhaa hadi kuwa kundi kubwa la viwanda. Wanaoitetea shahada humtaja yeye.

Je, mifano hii inapingana? Tukiitazama vizuri, haipingani. Wa kwanza ni mwanzilishi, na wa pili ni mpokezi. Mwanzilishi hukua pamoja na biashara yake: siku ana meza moja anajifunza ya meza moja, siku ana magari kumi amekwisha kujifunza ya magari tisa. Mpokezi hukabidhiwa kitu kilichokwisha kuwa kikubwa, chenye madeni, mikataba, wafanyakazi na kodi, naye hana miaka thelathini ya kukisoma polepole. Kumwambia mtoto "mimi sikusoma na nimefika" ni kumlinganisha mpanda mbegu na mlinzi wa msitu. Kila mmoja ana kazi yake.

Mfano wa tatu unatoka India, nao unakusanya hali zote mbili katika nyumba moja. Mwaka 1945 Mohamed Hashim Premji alianzisha kampuni ya mafuta ya kupikia katika mji wa Amalner, jimbo la Maharashtra. Mwanawe Azim alikwenda Marekani kusomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1966 baba akafariki ghafla, na kijana wa miaka 21, bila ya kumaliza masomo, akalazimika kurudi na kushika usukani. Alijifunza usimamizi akiwa kazini, mbele ya wanahisa walioutilia shaka umri wake. Kampuni ile, iliyokuja kuitwa Wipro, iliingia katika utengenezaji wa kompyuta baada ya IBM kuondoka India mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za teknolojia nchini humo. Shahada yake ya Stanford aliikamilisha baada ya zaidi ya miaka 30.

Tazama sasa alivyomwandaa mwanawe. Rishad Premji alisoma uchumi, akapata shahada ya uzamili ya utawala wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, akafanya kazi katika makampuni ya watu wengine, ndipo akajiunga na kampuni ya familia mwaka 2007. Alipitia ngazi zake kwa miaka 12, na mwaka 2019 akawa mwenyekiti. Hata hapo, kazi ya mtendaji mkuu ilibaki mikononi mwa wataalamu wasio wa ukoo huo. Mtu aliyeingizwa katika maji bila ya kujua kuogelea alihakikisha mwanawe anafundishwa kwanza. Humo mna mazingatio kwa kila mzazi mwenye akili, kwani mauti hayatoi notisi, na hayamsubiri mtoto amalize mwaka wa tatu.

DUKA HALIFUNDISHI KILA KITU

Huenda msomaji akauliza: ni lipi hasa linalopatikana darasani lisilopatikana dukani? Tuchukue mfano mmoja. Mfanyabiashara anachukua bidhaa za shilingi milioni 100, anatakiwa ailipe kampuni iliyomuuzia ndani ya siku 30. Yeye anaziuza kwa wenye maduka ya rejareja kwa shilingi milioni 115, kwa mali kauli ya siku 90. Daftari linasema amepata faida ya milioni 15, naye anamshukuru Mola wake. Siku ya 30 inafika. Mwenye mali anataka fedha zake, na kwenye sanduku hamna kitu. Ndipo anapokimbilia mkopo wa riba, na faida yote inaliwa na riba kabla ya siku ya 90. Hakuiba wala hakufanya israfu. Hakujua tu kwamba faida na fedha taslimu ni vitu viwili, na kwamba mtu anaweza kufilisika huku anapata faida.

Somo hili hufundishwa katika usimamizi wa fedha, na mwanafunzi hulielewa kwa wiki chache. Dukani hulielewa pia, lakini kwa kupoteza mtaji. Vivyo hivyo kusoma mizania na kutambua kampuni inamiliki nini na inadaiwa nini. Kujua gharama halisi ya bidhaa baada ya ushuru wa forodha, usafiri na upotevu. Kuelewa sheria ya mikataba, ya ajira na ya kodi. Tangu mwaka 2010, mashine za EFD zilipoanza kutumika nchini mwetu, hesabu za duka zimekuwa zikisomwa na macho mengine nje ya duka, na daftari la mkono lililofichwa chini ya meza halimkingi mtu.

Na tusisahau kwamba uandishi wa hesabu ni amri kabla ya kuwa taaluma. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandika madeni, kwa uadilifu, mbele ya mashahidi, deni likiwa dogo au kubwa. Zaka ya biashara nayo haitoki sawasawa bila ya hesabu. Mwenye bidhaa zenye thamani ya shilingi milioni 60 kwa bei ya soko siku mwaka wake unapotimia, na fedha taslimu milioni 20, anapaswa kutoa asilimia 2.5 ya milioni 80, yaani shilingi milioni 2. Asiyehesabu stoo yake anatoa zaka kwa kukisia, na kukisia katika haki ya masikini ni jambo la hatari.

NAMNA YA KUCHAGUA

Sasa tuje katika uchaguzi wenyewe. Jambo la kwanza ni kuitazama kampuni kabla ya kutazama chuo. Familia yenye duka la vipuri haihitaji kile kinachohitajiwa na familia yenye kiwanda. Baba na mtoto waketi, waandike mambo matano yanayoisumbua kazi yao: labda madeni hayakusanyiki, labda wafanyakazi hawadumu, labda mahesabu ya kodi hayaeleweki. Kisha wauchukue mtaala wa chuo na kutazama kama mambo hayo yamo. Jina la chuo lisitangulie haja.

Jambo la pili ni kujua kwamba njia ni nyingi. Ipo njia ya astashahada na stashahada, inayomfaa kijana atakayeanza kazi mapema. Ipo njia ya shahada ya kwanza katika biashara, uhasibu au fedha. Ipo njia ya taaluma ya uhasibu kwa mitihani ya bodi, kama NBAA kwa Tanzania na KASNEB kwa Kenya, ambayo ni ngumu lakini humpa kijana uwezo wa kuzisoma hesabu za kampuni yoyote. Na ipo shahada ya uzamili ya utawala wa biashara, ambayo haimfai aliyetoka darasani jana. Masomo yake hujengwa juu ya uzoefu, na asiye na uzoefu hana cha kuleta katika mjadala. Kijana asiharakishwe kuifikia. Akafanye kazi kwanza miaka michache.

Jambo la tatu ni mahali. Nchini mwetu Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kimekuwapo tangu mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, tangu 1972. Kuna Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa wanaotaka masomo ya biashara katika mazingira ya Kiislamu, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu kilianza mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro mwaka 2005. Ng'ambo si haramu wala si lazima. Faida yake ni kupanua macho. Hasara yake, ukiacha gharama, ni kwamba kijana anajifunza soko ambalo si lake, sheria za kodi ambazo si zake, na anakaa mbali na wateja ambao jina la baba yake ndilo rasilimali yao. Anayesoma hapa nchini anaweza kushinda chuoni wiki nzima na Jumamosi akawa stoo. Kwa vyovyote, mzazi ahakikishe kwanza kwamba chuo kinatambuliwa na mamlaka zinazohusika, kama TCU au NACTVET, kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Jambo la nne ni kazi nje ya nyumba. Tunawahimiza wazazi wamruhusu kijana aajiriwe na watu baki kwa miaka miwili au mitatu. Huko atafika saa moja kamili kwa sababu hakuna wa kumwonea haya, atakemewa, na ataulizwa hesabu na mtu asiyemwita mwanangu. Ni mtihani wa rushdi ambao nyumbani haupatikani.

Jambo la tano ni fikihi ya miamala. Vitabu vingi vya fedha vimejengwa juu ya riba, na kijana atafundishwa kuihesabu kama anavyofundishwa kujumlisha. Kuijua si dhambi. Daktari huijua sumu. Hatari ni kumaliza miaka mitatu bila ya kuelezwa na mtu yeyote kwamba kuna musharaka, mudharaba, murabaha na ijara. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alizuia mtu kuuza katika soko la Waislamu ila awe ameielewa dini. Basi kijana awe na mwalimu wa fikihi sambamba na masomo yake ya chuo. Leo zipo benki zinazofuata misingi ya sheria, kama Benki ya Amana iliyofunguliwa mwaka 2011 hapa Tanzania, na kuzijua bidhaa zake ni sehemu ya ujuzi wa kazi.

KARO NI YA NANI, NA KITI NI CHA NANI?

Tumefika sasa penye mzizi wa fitina, mahali ambapo familia nyingi zimevunjika. Mtoto mmoja anasomeshwa kwa gharama kubwa, anarudi, anakabidhiwa funguo. Baba anafariki. Tangu siku hiyo kijana anaiona kampuni kuwa yake, kwa sababu yeye ndiye aliyesomea. Dada zake wanapouliza, anawajibu kwamba wao wameolewa. Mama akiuliza, anapewa fedha ya matumizi na kuombwa atulie.

Tuiweke sheria mbele yetu kwa hesabu nyepesi. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, naye hana wazazi walio hai. Baada ya kulipa madeni na wasia, kumebaki hisa 800 za kampuni. Kwa mujibu wa aya ya 11 na ya 12 za Sura An-Nisaa, mke anapata thumni, yaani hisa 100. Zilizobaki 700 wanagawana watoto, wa kiume akipata sehemu mbili za wa kike: kila mtoto wa kiume hisa 200, kila wa kike hisa 100. Jumlisha sasa za mama na za mabinti watatu. Ni hisa 400. Nusu ya kampuni ni mali ya wanawake! Kijana aliyesomeshwa, mwenye shahada ukutani na funguo mkononi, anamiliki robo tu. Robo tatu anazozisimamia ni amana za watu.

Wala baba hawezi kuigeuza hali hii kwa kuusia kampuni apewe yule aliyesoma, kwa kuwa wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie. Katika uhai wake anaweza kutoa zawadi, lakini hapo nako lipo onyo. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Bashir, aliyempa mwanawe Nu'man zawadi na akataka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Mtume akamwuliza kama watoto wake wote amewapa vivyo hivyo. Aliposema hapana, aliamrishwa amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake.

Je, karo ni zawadi? Wanazuoni wametenganisha baina ya matumizi yanayofuata haja ya kila mtoto na zawadi tupu. Anayesomea udaktari na anayesomea ushonaji hawalingani kwa gharama, na baba hana dhambi akimpa kila mmoja kwa kadiri ya haja na uwezo wa akili yake. Dhuluma huingia pale mmoja anaposomeshwa na mwingine, hasa wa kike, ananyimwa hali ana uwezo na hamu. Dhuluma huingia pia pale kampuni ni ya ndugu wawili, na mmoja anachota karo ya mwanawe katika sanduku la wote bila ya ridhaa ya mwenzake. Katika Sura Swad, aya ya 24, tunaelezwa kwamba wengi katika washirika hudhulumiana, isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Basi gharama ya masomo iandikwe wazi: ni ya baba, ni ya kampuni kwa makubaliano ya wenye hisa, au ni deni atakalolipa kijana kutoka katika mshahara wake.

Na kwa nini tuzungumze kana kwamba msomi wa biashara lazima awe mtoto wa kiume? Bibi Khadija (R.A.) alikuwa na mtaji wake na misafara yake, na alijua kumchagua mtu wa kumpa kazi. Iwapo mtihani wa rushdi utamwonyesha binti kuwa ndiye mwenye kichwa cha hesabu na mkono wa amana, basi apelekwe yeye. Na hata kama hatashika usukani, afundishwe walau kusoma mizania, kwa kuwa yeye ni mwenye hisa, na mwenye hisa asiyejua kusoma hesabu hawezi kuidai haki yake.

MAMBO YA KUTENDA MZEE AKIWA HAI

Kwa kuhitimisha, tunawausia wazee wetu mambo manne. La kwanza, wajue kazi yao imesajiliwa kwa namna gani. Jina la biashara peke yake haliitenganishi mali ya duka na mali ya mwenye duka, hivyo akifariki kila kilichomo huingia katika mirathi, na kazi huweza kusimama. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mbele ya sheria. Mwenye hisa hufa, kampuni ikaendelea, na kinachorithiwa ni hisa zake. Waonane na mwanasheria mapema.

La pili, watenganishe kumiliki na kuendesha. Anayeendesha alipwe mshahara unaojulikana kwa kazi yake, na faida igawanywe kwa wenye hisa wote kwa kadiri ya hisa zao. Kijana asiibiwe jasho lake, na dada zake wasiibiwe mtaji wao. Na ikiwa hakuna mtoto anayefaa, kuajiri meneja mwaminifu kutoka nje si aibu. Aibu ni kumkabidhi mtoto kitu atakachokivunja.

La tatu, hesabu zikaguliwe na mkaguzi kila mwaka, na zisomwe mbele ya familia nzima, mama na mabinti wakiwapo, baba akiwa bado hai, ili iwe desturi inayorithiwa pamoja na mali.

La nne, makabidhiano yawe kwa ngazi na kwa maandishi. Kijana apewe tawi moja, au bidhaa moja, aulizwe hesabu yake baada ya mwaka, ndipo aongezwe. Aya imetuamuru mashahidi, nasi tuwaweke.

Elimu ya biashara, ndugu msomaji, ni neema kubwa kwa familia inayoitafuta kwa nia njema. Kijana aliyesoma vizuri atajulikana siku mama yake atakapomwuliza hisa zake 100 zimezaa nini mwaka huu, naye akafungua daftari mbele yake, akamwonyesha mstari kwa mstari, bila ya kukunja uso. Akiweza hilo, karo haikupotea. Asipoweza, basi shahada yake itakuwa hoja dhidi yake mbele ya Yule ambaye hakuna hesabu inayofichika Kwake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, azibariki biashara zetu za halali, na azilinde familia zetu na dhuluma ya mirathi. Wabillahi tawfiq.